Wino wa Parachichi Tuliopigia Kura

Jumanne, 8 Aprili 2025

Mvua tangu Jumapili. Tukuyu hii! Nguo nilizofua Ijumaa bado ziko kwenye kamba, mbichi.

Mashine ya kuchapia ya marehemu baba imegoma tena saa nne asubuhi. Fundi wangu Mzee Asajile akaifunga rola kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaisemesha Kinyakyusa, ikatembea. Miaka thelathini na moja yuko nayo. Mkewe husema angejua anaolewa uke wenza na chuma angekataa posa.

Nimeshaamua lakini. Ikifa mwaka huu nafunga duka. Nitakwenda kuuza vitenge kwa shemeji Khalidi kule sokoni, anielekeze kila siku namna ya kukunja kitenge. Mimi! Nimekunja karatasi tangu sijaota meno ya pili.

Mchana akaja bwana mmoja mwenye upara, mpole, anaitwa Prosper. Mtafiti kutoka Mbeya. Mradi wao unaitwa Wino wa Kijani. Kaeleza kwamba wino wa kiwandani hutiwa viongezi, vitu kidogo tu vya kuufanya uteleze, ushike karatasi, ukauke, na vingi vyake ni mazao ya petroli. Yeye ametengeneza kiongezi cha mafuta ya mimea. Ukikimwaga kinaoza ardhini, mto hauna habari. Mzee Asajile akauliza, kwa hiyo ni dawa ya wino? Ndiyo, ni dawa ya wino. Basi ungesema hivyo mwanzo, mzee akasema, akarudi kwenye mashine.

Nilikuwa nasikiliza kwa adabu tu. Halafu akasema duka moja la wilaya hii litafanya jaribio, na likifaulu litapewa mashine mpya. Hapo ndipo mazingira yaliponiingia moyoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumejaribu. Kijiko kimoja cha dawa ya Prosper kwenye wino mweusi. Ni mafuta ya alizeti aliyoyapika mwenyewe na vitu vyake. Wino ukatandaa vizuri. Mzee Asajile ameunusa, akaupaka ukuchani, akaendelea na kazi. Kwake hizo ni sifa.

Ijumaa, 11 Aprili

Umekauka! Usiku mmoja, na mvua hii. Nimesugua kwa kidole, kwa leso, kwa ncha ya mtandio. Hautoki. Nimeanza kupima kwa macho mahali pa kuweka mashine mpya. Pale penye kabati.

Jumamosi, 12 Aprili

Kikao cha kamati. Kazi ya majaribio ni hati za uanachama za Chama cha Maparachichi Tupendane, wanachama mia moja themanini na sita, kila mtu na jina lake na idadi ya miti yake. Mwenye hati ndiye atakayeuza kwa mnunuzi wa nje. Asiye nayo atakula parachichi zake mwenyewe.

Ajenda ya kwanza ilikuwa chai. Ya pili, wino. Prosper kaeleza nusu saa. Mwenyekiti Lugano akamsikiliza amefumba macho, kisha akauliza alizeti hiyo inatoka wapi. Singida, akajibu Prosper, hajui anakokwenda.

Vikombe vikawekwa mezani.

"Kwa hiyo hati ya mkulima wa parachichi wa Rungwe," Lugano akasema, "ichapwe kwa jasho la Singida?"

Makofi. Mjumbe mmoja akasema ni aibu. Mwingine akasema parachichi letu linakwenda Ulaya, litashindwaje kwenda kwenye karatasi? Prosper kajitahidi, maskini. Akasema alizeti hushika hewa ikakauka, parachichi hubaki mafuta siku zote, ndiyo maana watu wanajipaka mwilini. Mwenyekiti akamjibu kwamba hayo ni maoni yake na yataheshimiwa, lakini chama hiki kinaendeshwa kidemokrasia.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Parachichi kumi na moja. Alizeti moja.

Mimi nilialikwa kama mchapishaji, nikapewa na kura. Nilinyoosha kwa parachichi. Si juu sana, usawa wa sikio. Barua ya kupendekeza duka inaandikwa na Lugano. Wengi wape.

Wakapiga kura pia ya kuchagua karatasi. Ya kung'aa, kwa sababu ya heshima. Karatasi ya kung'aa hainywi wino, kila fundi anajua. Nilikuwa bado natafuna andazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mradi umeleta bango la kutundika mlangoni: HAPA TUNATUMIA WINO UNAOOZA. Nimelitundika saa mbili. Saa tatu ameingia mama wa bibi harusi aliyeagiza kadi, kalisoma, kaniuliza unaoza baada ya muda gani. Nikamweleza habari za mto na samaki. Akasema hana ugomvi na samaki, ila ndoa ya mwanawe asingependa iandikwe kwa kitu kinachooza. Kachukua mfano wake kaondoka.

Saa sita kalisoma mwinjilisti. Vyeti vya ubatizo. Huyo hata hakuuliza.

Saa saba nimelitundua.

Jumatano, 16 Aprili

Kazi imeanza. Mafuta ya parachichi yameletwa kwenye kidumu cha njano, kijani kizuri, yananukia chakula. Prosper kayapika na vitu vyake, uso umemshuka kama mtu anayepika pilau la msiba.

Mradi unataka hata majina yawe kwa wino huo, hakuna kompyuta. Basi Mzee Asajile anapanga jina moja moja kwa herufi za madini ya risasi, anachapa, anavunja, anapanga linalofuata. Majina yanafuata daftari la chama, ukoo kwa ukoo.

Jioni kaja mwanamke mmoja wa Mpuguso, Veronika, mjane, kwa miguu na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Alitaka kuliona jina lake linavyopangwa. Kusoma anasoma polepole. Ana miti arobaini, aliipanda na marehemu mumewe, na shemeji yake anaidai. Mzee Asajile kampa zile herufi azishike. Kazishika kwa viganja viwili. Kasema hati hii ndiyo itamfunga shemeji mdomo. Kaniuliza haitafutika? Nikamwambia nenda kalale, mama.

Ijumaa, 18 Aprili

Wakristo wako kanisani, Ijumaa Kuu. Mimi niko dukani natazama wino.

Haukauki.

Hati zimetundikwa kila mahali. Kwenye kamba za dukani, kwenye korido, sebuleni, juu ya kitanda changu. Nimelala kwenye kochi. Nikigeuka, hati ya Mwaisumo mmoja inanishika bega. Nimewasha majiko mawili ya mkaa. Karatasi zimepata joto, wino umepata joto, hakuna kilichokauka.

Jumatatu, 21 Aprili

Hati zote zimechapwa. Wino bado mbichi. Uzinduzi keshokutwa.

Mzee Asajile kasema tuweke magazeti ya zamani kati ya hati na hati, zisigusane. Ndivyo ilivyofanywa tangu enzi za baba. Lugano amekuja kukagua, kayaona magazeti, kageuka majivu. Magazeti yana matangazo ya vifo, kasema. Hati ya mtu hailazwi na picha ya marehemu asiyemjua, watu wataleta maneno. Toa yote. Panga hati pamoja, funga utepe wa kijani, weka tofali juu zinyooke.

Mzee Asajile kanitazama. Nami nikatazama mahali penye kabati.

Tumetoa magazeti. Tumefunga utepe. Tofali nimeliweka mwenyewe.

Jumatano, 23 Aprili

Uzinduzi! Ngoma, kwaya, turubai lenye matundu, hotuba sita. Mgeni rasmi ni mama wa ofisi ya mradi huko Dar, kavaa suti nyeupe pe. Kwenye tope la Tukuyu, mwezi wa nne. Mungu ampe maisha.

Kwa ajili ya picha kakumbatia hati ya kwanza kifuani. Mpiga picha kamwambia mheshimiwa, tabasamu, ikumbatie zaidi. Kaikumbatia. Alipoirudisha, jina lote la Mwenyekiti Lugano lilikuwa kifuani kwake, kinyumenyume, na miti mia mbili na kumi.

Mwenyekiti kashika kipaza sauti, kasema mnaona wenyewe, wino wetu una upendo. Makofi. Mpiga picha akaambiwa apige kuanzia shingoni kwenda juu.

Wakulima wamepokea hati zao kwa vigelegele. Wengi wamezikunja papo hapo na kutia mfukoni. Sikuweza kuangalia.

Prosper hakuonekana. Nimeambiwa ripoti yake inahaririwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Fomu imekuja kutoka mradi. Taarifa ya Mchapishaji, ukurasa mmoja. Nikiijaza, mashine inapakiwa. Swali la nne: Je, wino ulikauka? Kuna kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha Hapana. Nafasi ya maelezo hakuna. Nimegeuza ng'ambo ya pili, labda. Nyeupe.

Lugano alikuwa amekaa hapa dukani, anakunywa chai yangu. Kasema swali hilo ni la kitaalamu tu. Kila kitu hukauka siku moja, Mama Rahima, hata bahari.

Rola imekatika leo asubuhi. Mpira wa baiskeli haukusaidia.

Nimetia tiki kwenye Ndiyo. Nimetia sahihi. Mwandiko umetoka mzuri, hilo ndilo linalonikera.

Jumatano, 30 Aprili

Imefika! Iko ndani ya sanduku la mbao, ndefu kuliko mimi. Kabati nimeligawa. Watoto wa jirani wamekuja kulishika sanduku. Makabidhiano rasmi yatasainiwa wiki ijayo na Lugano kama shahidi wa jamii, kabla ya hapo sanduku lisifunguliwe. Nimechungulia kwenye upenyo wa ubao. Rola nyeusi, safi, sita.

Mzee Asajile hakuchungulia. Alikuwa anaipaka grisi ile ya zamani, ambayo hata haitembei.

Ijumaa, 2 Mei

Nimejua leo.

Asubuhi Veronika amekuja amelowa, bila mwavuli kabisa. Shemeji yake, Ambindwile, ameshtaki kwenye chama. Huyu ni mdogo wa marehemu. Baada ya arobaini alimtaka Veronika pamoja na miti. Akakataliwa mwenyewe, akabaki kuitaka miti.

Hati ya Veronika, mgongoni, ina jina. Limetulia vizuri, herufi kwa herufi, ila kinyumenyume. Ambindwile alikwenda ofisi ya chama na kioo cha kunyolea. Kasimamisha kioo, kasoma mbele ya katibu: Ambindwile Mwaisumo. Miti arobaini na kitu. Kasema hata mashine imemtambua.

Mimi nikaelewa palepale. Daftari linakwenda ukoo kwa ukoo. Hati ya Ambindwile, ya miti yake mwenyewe, ilikuwa chini ya hati ya Veronika, karibu na mwisho wa bunda, chini ya uzito wote, chini ya tofali langu. Uso wa moja umelamba mgongo wa nyingine. Si kwao tu. Hati nyingi zimeshika majina ya wenzao, lakini wenyewe hawana ugomvi na mtu, wamefuta mgongo kwa mafuta ya taa wakaendelea na maisha. Veronika hakufuta. Alidhani ni muhuri.

Nikamweleza yote, taratibu. Kafurahi mpaka kakaa chini. Kasema basi njoo uwaambie hivyohivyo Jumatatu, wamesema watamwita mchapishaji.

Nikasema nitakuja. Sikumwambia habari za kisanduku.

Jumapili, 4 Mei

Sijalala vizuri, sijala vizuri. Nimempigia mwanangu Rahima chuoni, nikamwuliza kama mtu akisaini jambo dogo la ofisini ambalo si kweli kabisa, ni dhambi au ni utaratibu. Kaniuliza mama umesaini nini. Nikasema namwuliza rafiki.

Lugano kanipigia mara tatu. Ya tatu nimepokea. Kasema kesho nisihangaike, wakiniuliza jina limefikaje mgongoni, niseme sijui. Si uongo, sijui ni neno la unyenyekevu. Halafu akanikumbusha kwa upole kwamba makabidhiano ni Jumanne.

Jioni Mzee Asajile kaja, ingawa leo si siku ya kazi. Kafungua droo, katoa hati moja iliyoharibika tuliyoitupa humo siku ile ya tofali. Kaiweka mezani. Kabonyeza kiganja chake juu yake, kahesabu mpaka kumi kwa Kinyakyusa, kainua. Kiganja chote kimejaa maandishi. Siku kumi na tatu! Alishaomba kwenda kutoa ushahidi, wamemwambia fundi si mjumbe.

Kanawa mkono kwa sabuni ya unga, kaaga, kaondoka. Nimekasirika. Angesema kitu ningemjibu.

Jumatatu, 5 Mei

Nipo kwenye ukumbi wa chama, nje kwenye ngazi. Mapumziko ya chai. Naandika haraka.

Kikao kimeanza saa nne. Ambindwile kavaa koti la kanisani. Kioo chake kiko mezani juu ya kitambaa, kama kielelezo. Kaongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kasema jina halina miguu. Kama wino ulikuwa mbichi, sawa, lingeweza kuhama. Lakini kama ulikauka, basi jina lake lilichapwa pale kwa makusudi, na mtu akamficha yeye mgongoni ili mwanamke akae mbele.

Na je, ulikauka? kauliza Katibu.

Lugano katoa karatasi. Kaisoma yote kwa sauti, kuanzia namba ya fomu. Swali la nne, jibu, Ndiyo. Tarehe. Sahihi. Mwanabibi binti Kasim, mchapishaji.

Tiki yangu! Sikuwahi kufikiri ina uzito wa miti arobaini. Nilidhani namdanganya mtu wa Dar, anayekaa mbali na ana suti nyingine.

Katibu kaniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasimama. Nikasema ni yangu. Ambindwile katikisa kichwa polepole, kama mtu anayemsamehe mtu. Swali la pili, Katibu akasema, litakuja baada ya chai: kama wino ulikauka, jina lilifikaje huko?

Nikisema kweli, fomu ni ya uongo na sanduku linarudi lilikotoka na mimi nakwenda kukunja vitenge. Na kamati nzima ilipiga kura, kumi na moja, hawatanisamehe, nami nikiwa mmoja wao. Nikisema sijui, nimesema neno moja tu. Linamalizwa na pumzi moja. Hata kikohozi ni kirefu zaidi.

Lugano kapita hapa na kikombe chake. Hakusimama. Kasema tu, "Neno moja, Mama Rahima."



Veronika kaja kukaa karibu yangu. Kaniletea ndizi ya kuchemsha kwenye jani na chai kwenye kikombe chake mwenyewe, vya chama vimeisha. Nilidhani atanitemea mate. Lakini ile fomu ilisomwa kwa Kiswahili cha ofisini, haraka, na maneno ya mradi. Yeye kaishika sehemu moja tu, jina langu. Anadhani niliandika kumtetea.

"Walipokutaja wewe moyo ukatulia," kasema. "Hawa wengine ni watu wao. Wewe ni fundi. Ndaga fijo, asante sana."

Nikaanza, Veronika, ile karatasi... Kasema kula kwanza, utaongea sana.

Nimekula. Jani nimelikunja mara nne.

Katibu anapiga kengele. Watu wamejaa mlangoni, mvua imeanza, kila mtu anataka kuingia. Veronika amesimama, amenishika mkono wa kushoto, hauachi. Naandika juu ya goti kwa wa kulia. Anawaambia watu watupishe. Huyu ni shahidi wangu, anasema.